Jicho la Wastani

Ukiunganisha PS5 na televisheni inayopokea HDR, kisha ukafungua sehemu ya kurekebisha mwanga, mashine itakutaka utoe ushahidi. Itakuletea skrini tatu, moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa na alama iliyofifia, na itakuambia upandishe au ushushe kiwango mpaka alama hiyo ikaribie kupotea machoni pako. Skrini mbili za kwanza zinauliza mwanga unaishia wapi, yaani ni mahali gani nyeupe haiwezi tena kuwa nyeupe zaidi. Ya tatu inauliza giza linaanzia wapi. Watu wengi hubonyeza harakaharaka, kama wanavyokubali masharti ya programu bila kuyasoma, wakaenda zao kucheza. Mimi nasoma uzamili wa falsafa, kwa hiyo nina kisingizio cha kukaa hapo muda mrefu kuliko inavyostahili.

Kinachonishika ni namna swali lilivyoulizwa. Mashine haisemi "unapenda iweje?" Inasema "unaona nini?" Tofauti ni kubwa. Swali la kwanza halina jibu la uongo. La pili linalo.

Sisi tuliokulia kwenye televisheni za chogo tulizoea lile la kwanza. Mwangaza ulikuwa mstari wa kijani chini ya kioo, unaupeleka kulia au kushoto kwa rimoti, na babu akisema "acha hapo" unaacha hapo. Kabla ya hilo kulikuwa na antena. Mtu mmoja juu ya bati anazungusha bomba, mwingine dirishani anapiga kelele "bado, bado, rudisha kidogo, hapo hapo!", na wa ndani wanabishana kama chenga zimepungua kweli au wamechoka tu kusubiri taarifa ya habari. Picha nzuri ilikuwa makubaliano ya waliomo sebuleni. Hakuna aliyewahi kudai kwamba kuna picha moja iliyo sahihi, na kwamba sisi wa Sinza tuko mbali nayo kwa kiasi fulani kinachopimika.

HDR inadai hivyo. Mwangaza wa skrini hupimwa kwa niti, na niti moja ni kama mwanga wa mshumaa mmoja uliotandazwa kwenye mita moja ya mraba. Utaratibu wa zamani wa video ulilenga kama niti 100, na namba zilizokuwa ndani ya mawimbi ya picha zilikuwa za uwiano tu: toa nusu ya ulichonacho, toa robo. Televisheni dhaifu ilitoa nusu ya udhaifu wake, na mambo yakaenda. Utaratibu mpya uitwao PQ, uliosanifiwa mwaka 2014, unafika hadi niti 10,000, na kila namba ndani yake ina maana isiyobadilika. Mtengenezaji wa gemu anayetaka jua la niti 4,000 anaandika niti 4,000. Hasemi "jua kali kadiri utakavyoweza." Anataja kiasi, kama mtu anayekudai.

Shida ni kwamba televisheni nyingi za bei ya chini hazifiki hata niti 400. Ile tuliyoinunua sisi watatu kwa kuchanga, mtumba kutoka Kariakoo, ina herufi HDR kwenye boksi, na herufi hizo hazidanganyi kabisa: maana yake ni kwamba inapokea mawimbi ya HDR. Kupokea na kuonyesha ni mambo mawili. Kwa hiyo televisheni inalazimika kukunja jua la niti 4,000 liingie kwenye uwezo wake, na kila kampuni inakunja kwa namna yake. Gemu nayo, ikiwa haijui uwezo wa televisheni, inakunja kwa kubahatisha. Picha inapita kwa wakalimani wawili wasiojuana, kila mmoja akiwa na nia njema, na msikilizaji anapata hadithi ambayo hakuna aliyeisimulia. Ndiyo sababu Sony na Microsoft, mahasimu wa sokoni, waliingia katika kundi moja linaloitwa HGIG, ambalo miongozo yake inaitaka televisheni ikae kimya, itaje tu mwisho wa uwezo wake, na kazi ya kukunja ifanywe mara moja tu, na gemu. Zile skrini tatu ni sehemu ya mpango huo. Wewe ndiye unayeulizwa mwisho uko wapi, kwa sababu uko hapo na una macho.

Hapo ndipo falsafa inapoingia, na inaingia kupitia pipa la mvinyo. Mwaka 1757 David Hume aliandika insha kuhusu kipimo cha ladha, na ndani yake akachukua kisa kutoka kwa Cervantes. Ndugu wawili wanaombwa kuonja mvinyo. Mmoja anasema ni mzuri, ila una ladha kidogo ya ngozi. Mwingine anasema ni mzuri, ila una ladha kidogo ya chuma. Watu wanawacheka wote. Pipa linapomalizwa, chini kabisa kunakutwa ufunguo uliofungwa kwa kamba ya ngozi. Hume anataka tuone kwamba ladha, pamoja na kuwa ndani ya mtu, inaweza kuwa sahihi au isiwe, kwa sababu kitu kinachoonjwa kina jambo ndani yake.

Skrini ile ya kwanza ni pipa la Hume. Alama ipo. Ukiipoteza mapema mno, mawingu yote ya gemu yatakuwa bango moja jeupe, na hilo si suala la ladha. Huwa nabishana na rafiki zangu wanaomaliza kila mjadala kwa "kila mtu na macho yake." Hapana. Televisheni nyingi madukani huwekwa katika hali ya maonyesho, rangi zimepandishwa mpaka nyasi zinafanana na rangi ya jezi, kwa sababu lazima zishindane na taa za duka na televisheni ya jirani. Mtu anaipeleka nyumbani hivyohivyo na kuangalia miaka mitano. Hali hiyo haikuwekwa kwa ajili ya aliyetengeneza picha wala anayeitazama. Iliwekwa kwa ajili ya muuzaji, kwa dakika tano. Naweza kusema bila aibu kwamba ni hali mbaya. Njia nzuri za kuiona picha zinaweza kuwa nyingi, na bado njia mbaya zikawepo.

Lakini skrini ya tatu, ile ya giza, si pipa la namna hiyo. Kwenye mwanga mkali, alama inapotea kwa sababu televisheni imefika mwisho. Kwenye giza, inapotea kwa sababu nyingi: jua la saa tisa alasiri linaloingia dirishani, ukuta mweupe unaolirudisha, macho yaliyotoka sasa hivi barabarani. Irudie saa nne usiku na taa imezimwa, utapata jibu lingine kabisa, na kitu pekee kilichobadilika ni dunia iliyo nje ya televisheni. Waliosanifu HDR wanalijua hilo. Kiwango cha kimataifa cha BT.2100, cha mwaka 2016, kinataja hata mwanga wa mazingira yanayozunguka skrini wakati wa kuihakiki picha: niti 5. Hicho ni chumba kinachokaribia giza. Na umbo lenyewe la PQ lilitokana na utafiti kuhusu tofauti ndogo kabisa ya mwanga ambayo jicho la binadamu linaweza kuitambua.

Jicho la binadamu yupi? La wastani, bila shaka. Na mtu huyo wa wastani, aliyekaa peke yake katika chumba cha niti 5, ndiye mwenyeji wa kila gemu tunayocheza. Sisi wengine tumealikwa kwake.

Si mara ya kwanza picha kuwa na mwenyeji wa aina hiyo. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo ziliitwa Shirley, jina la mfanyakazi wa Kodak aliyekuwa kwenye kadi za mwanzo. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Yeyote aliyewahi kutazama picha ya zamani ya shule, ambamo wenzake wenye ngozi nyeusi zaidi wamebaki meno na kola za mashati, anajua matokeo yake. Hakuna aliyekaa akapanga kuwafuta watoto wale. Walichagua tu nani awe kipimo, kisha wakaenda kazini.

Nilifikiri nimelielewa jambo hili mpaka binamu yangu alipohamia kwetu.

Ni mtoto wa shangazi, ana miaka ishirini na mmoja, na ana ualbino. Wahenga wanasema macho hayana pazia. Yeye hupenda kusema kwamba wahenga walikuwa wakimzungumzia yeye tu, na kianatomia yuko sahihi. Ule mduara wenye rangi unaozunguka mboni ndio pazia la jicho, na rangi yake ndiyo inayozuia mwanga usipenye ovyo. Kwa mtu mwenye ualbino rangi hiyo ni kidogo, kwa hiyo mwanga unapita pembeni pia, na jua la kawaida linakuwa tochi usoni. Juu ya hilo, uoni wake wa mbali ni hafifu, na miwani inasaidia kwa kiasi tu. Kwa hiyo anacheza akiwa nusu mita kutoka kwenye skrini. Gemu anayoipenda kuliko zote ni Gran Turismo 7. Fikiria unaendesha gari kuelekea jua la machweo, ukiwa umelisogelea jua hilo kiasi cha kuweza kuligusa.

Anachofanya ni kushusha mwanga wote. Katika ile skrini ya kwanza anasimama mapema sana, alama ikiwa bado inaonekana waziwazi. Kwa kipimo cha Hume amekosea: ufunguo upo, na amekataa kuusema. Ila Hume alijiwekea kinga. Katika insha ileile anasema mtu mwenye homa hawezi kudai kwamba ulimi wake ndio hakimu wa ladha, wala mwenye ugonjwa wa manjano hawezi kutoa hukumu kuhusu rangi. Hukumu inatoka kwa kiungo kilicho kizima. (Hume huyohuyo, katika tanbihi ya insha nyingine, aliandika kwamba anawashuku watu weusi kuwa duni kwa asili, kwa hiyo suala la nani ana kiungo kizima halikuwa dogo kwake.) Lakini homa hupona. Aliye na homa leo atarudi kwenye ulimi wake wiki ijayo, na ulimi huo wa wiki ijayo ndio unaomsahihisha. Binamu yangu hana jicho lingine la kurudia. Hili ndilo jicho. Ukimwambia kwamba hukumu yake haihesabiwi mpaka apone, umemwambia haihesabiwi.

Nimejaribu kumtetea Hume darasani na nje ya darasa, kwa sababu nampenda, na utetezi bora nilioupata ni huu: binamu yangu hakosei kuhusu televisheni. Akiulizwa kama alama ipo, atasema ipo. Anachokataa ni kwamba kuwepo kwake kunampa yeye wajibu wa kuivumilia. Skrini inauliza swali la kuona kisha inalitumia jibu kama amri.

Mwenzetu wa tatu anasoma uhandisi wa umeme, na yeye anasumbuliwa na upande wa pili, ule wa giza. Tulikuwa tunacheza Resident Evil Village, zile korido za ngome ambazo taa yako inafika hatua tatu tu mbele, akapandisha mwanga mpaka kuta zote zikaonekana kama za hospitali. Nikamwambia amebeba mpira mkononi. Nilikuwa namnukuu, kwa mbali, Bernard Suits, aliyeandika mwaka 1978 kwamba kucheza ni kukubali kwa hiari vikwazo visivyo vya lazima. Kama lengo ni mpira wa gofu uingie shimoni, njia rahisi ni kuushika na kwenda kuuweka. Hakuna anayefanya hivyo, kwa sababu hapo hakuna tena gofu. Korido ile bila giza ni korido tu.

Akanijibu, "Wewe bwana, sasa hivi ni saa nane mchana na pazia letu ni kitenge. Giza lao walilitengenezea usiku. Mimi sijaliondoa, nimelitafsiri."

Jibu zuri, nusu yake. Nusu ya pili ni kwamba usiku pia aliacha palepale.

Nadhani kwenye gemu ya mtu mmoja giza ni ofa ya mtunzi, na mtu anaweza kuikataa kama anavyoweza kukataa pilipili. Anapoteza kitu, naweza kumsikitikia, lakini hajamdhulumu mtu. Hesabu inabadilika pale ambapo upande wa pili kuna mtu. Katika gemu za kurushiana risasi kwa intaneti, aliyepandisha vivuli anamwona adui aliyejibanza kwenye kona, na adui huyo anadhani amejificha. Wengine wanasema si udanganyifu kwa kuwa kitufe kiko kwenye menyu na kila mtu anaweza kukibonyeza. Sikubali moja kwa moja. Anayejificha amepima hatari kwa giza analoliona yeye, na mwenzake amelifuta bila kumwambia. Lakini angalia neno "udanganyifu" linakwenda kwa nani. Kuna skrini zinazouzwa kwa wachezaji zikiwa na kipengele maalumu cha kuangaza vivuli, na zinatangazwa waziwazi kwa sababu hiyo. Aliyenunua anaitwa mchezaji makini. Kijana anayepandisha mwanga kwenye televisheni ya mtumba kwa sababu bila hivyo haoni chochote, huyo ndiye anayeambiwa anaharibu mchezo.

Watunzi wenyewe wamegawanyika. Aprili 2019 ilipotoka ile sehemu ya Game of Thrones ya vita vya usiku, dakika 82 zilizopigwa kwa usiku 55, watu dunia nzima walilalamika kwamba hawaoni kitu. Fabian Wagner, aliyeongoza kamera, alijitetea kwamba sehemu kubwa ya tatizo ni watu kutojua kurekebisha televisheni zao. Miezi michache baadaye muungano wa kampuni za televisheni ulitangaza Filmmaker Mode, kitufe kimoja kinachozima marekebisho yote ya televisheni ili filamu ionekane kama mtunzi alivyotaka. Naelewa hamu hiyo. Mtu ametumia usiku 55 kwenye baridi, ana haki ya kuomba umzimie ile hali ya dukani. Nadhani mtazamaji mwenye uwezo ana deni la kujaribu angalau mara moja. Lakini deni ni la mtazamaji. Jicho halidaiwi.

Mwaka mmoja baadaye, Juni 2020, ikatoka The Last of Us Part II, gemu iliyotengenezwa kwa kujali kila kivuli, ikiwa na mipangilio zaidi ya 60 kwa ajili ya wachezaji wenye ulemavu. Mmoja wao unafifisha mandhari yote yakawa kama majivu, kisha unampaka mhusika wako rangi moja na maadui rangi nyingine. Miaka ya kazi ya wasanii wa mwanga inafutwa kwa kitufe kilichowekwa na studio ileile. Binamu yangu aliimaliza gemu hiyo kwa namna hiyo, wiki mbili, bila kuumwa kichwa. Nilimuuliza kama hahisi kwamba hakuiona gemu yenyewe. Akaniuliza mimi nimesoma wapi Plato, kwa Kigiriki?

Kwenye mashine yetu viwango vya HDR ni vya wote, havimfuati mtumiaji. Akishusha yeye, asubuhi mhandisi anakuta giza na kuguna. Akipandisha mhandisi, jioni binamu yangu anawasha, anafumba macho, anapapasa rimoti. Yamekuwa yakitokea kila siku tangu Januari, bila ugomvi, na pengine ndiyo maana hayakuisha. Wiki iliyopita mhandisi alipata ufumbuzi wa kihandisi: alihesabu mibonyezo kwenye kila skrini, akaandika namba kwenye karatasi safi na kuibandika ukutani nyuma ya televisheni. Safu tatu. Juu ya ya kwanza aliandika "Mchana." Juu ya ya pili, "Usiku." Juu ya ya tatu aliandika jina la binamu yangu.

Binamu yangu aliisogelea karatasi mpaka pua ikakaribia ukuta, akaisoma yote, namba kwa namba. Akasema namba ziko sawa. Kisha akauliza kwa nini safu zetu sisi zina majina ya saa, na yake ina jina la mtu.

Mhandisi aliivuta kalamu mfukoni, akasimama mbele ya ukuta, akamuuliza aandike nini badala yake. Binamu yangu alisema bado anafikiria, na kwamba kwa sasa ni zamu yake ya kucheza.